Mito, Ziwa na Reli: Somo la Nchi Inayouzunguka Mtaa wa Rohero

Mtu akaaye katika mji wa York, huko Uingereza, hana haja ya kwenda mbali apate kujifunza. Mito miwili, Ouse na Foss, yapita katikati ya mji wake, na kando yake mna njia za kutembea kwa miguu. Karibu na stesheni limo jumba kubwa la makumbusho ya reli, lililofunguliwa mwaka 1975, ambamo magari moshi ya zamani hutunzwa kama vile wengine watunzavyo dhahabu. Waingereza wana desturi hii ya kutunza mambo ya kale. Hata reli ndogo zilizokwisha kufungwa, wananchi hujitolea kuzifufua na kuziendesha kwa mikono yao wenyewe.

Tulipofundishwa habari hizo, swali lilizuka darasani: na sisi tukaao Rohero, tuna nini? Wengine walisema tuna ziwa, basi. Mimi naona tuna zaidi, na katika ukurasa huu wa Kiswahili nataka kuwaelezea yale niliyoyaona na kuyasoma, nikianzia mlangoni petu.

Rohero iko katikati ya Bujumbura. Mji huu zamani uliitwa Usumbura, nao ulianza kukua baada ya Wajerumani kuweka kituo cha askari mwaka 1897. Jina la Bujumbura lilishika mwaka 1962, tulipopata uhuru. Tangu mwaka 2019 makao makuu ya serikali ni Gitega, lakini biashara na bandari zimebaki huku kwetu. Ukitazama ramani utaona kwamba mtaa wetu umekaa kati ya mito miwili: Ntahangwa upande wa kaskazini na Muha upande wa kusini. Si ajabu basi kwamba mji ulipogawanywa upya katika komuni tatu, mito hiyo ndiyo iliyofanywa mipaka, na komuni mbili zikachukua majina yake.

Simama mahali pa juu karibu na Kiriri, asubuhi baada ya mvua, hewa ikiwa safi. Mbele yako kuna ziwa Tanganyika, lenye kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo yake milima ya Kongo inasimama kama ukuta. Geuka nyuma: milima yetu nayo inapanda hata kupita mita 2,000, na yote hayo kwa mwendo mfupi tu. Sababu yake ni kwamba tunakaa ndani ya Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka zamani sana, sehemu ya kati ikadidimia, na kingo zikabaki juu. Ziwa limejaza sehemu iliyodidimia zaidi, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani pote ni ziwa Baikal peke yake, kule Urusi, linaloishinda Tanganyika kwa kina.

Kwa kuwa milima iko karibu na ziwa, mito ya mjini ni mifupi na ina mteremko mkali. Haina nafasi ya kupumzika njiani. Huku uwandani mvua ya mwaka ni kama milimita 800, lakini juu milimani ni nyingi zaidi. Kwa hiyo waweza kukaa Rohero jua likiwaka, na papo hapo Ntahangwa ikashuka na maji mekundu ya mvua ambayo wewe hukuiona. Mimi na wenzangu wawili tulifanya jaribio ambalo kila mwanafunzi aweza kulifanya. Tulipima mita 20 ukingoni, tukatupa kijiti kikavu majini, tukahesabu. Mwezi wa Julai kijiti kilichukua sekunde 50. Mwezi wa Aprili, siku moja baada ya mvua kubwa, kilichukua sekunde 9, tena tulisimama mbali kidogo na ukingo kwa hofu. Yaani mto uleule ulikwenda kwa mbio zaidi ya mara tano. Tuliteka maji hayo ya Aprili katika chupa ya lita moja, tukaiacha dirishani usiku kucha. Kulipokucha tope lilikuwa limeshuka chini, unene wa vidole viwili.

Vidole hivyo viwili ni udongo wa shamba la mtu fulani mlimani. Tena ni ukuta wa nyumba ya mtu fulani mjini, maana Ntahangwa inakula kingo zake mwaka hata mwaka, na korongo lake linazidi kupanuka. Tumeona nyumba ambayo uwanja wake wa nyuma umekwisha, na mlango wa jikoni unafungukia hewani. Watu wa hapo hupanda matete na mianzi ukingoni. Nilimwuliza mzee mmoja kama inasaidia, akanijibu, “Mwanangu, inachelewesha.” Sijapata jibu bora zaidi ya hilo, hata katika kitabu.

Sasa tutoke mjini, tushike barabara ya Gatumba iendayo Uvira. Kabla ya kufika kilomita kumi na tano tutakuta mto Rusizi, mkubwa kuliko yote ya upande huu. Unatoka ziwa Kivu, lililo juu yapata mita 1,460, nao hushuka mita karibu 700 kabla ya kufika kwetu. Mteremko huo mkubwa ndio unaotupa umeme: mabwawa mawili yamejengwa karibu na mahali mto unapoanzia, la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili mwaka 1989, na nguvu zake hugawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Kongo. Taa ninayosomea usiku, inapowaka, pengine inawashwa na maji ambayo kesho yake yatapita hapa Gatumba.

Kuhusu Rusizi kuna kisa ambacho kila mwanafunzi wa jiografia anapaswa kukijua. Katika karne ya kumi na tisa wataalamu wa Ulaya waligombana sana juu ya swali moja dogo: je, Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Kama ungekuwa unatoka kwenda kaskazini, basi huenda Tanganyika ndiyo ingekuwa chemchemi ya Nile. Mwezi wa Aprili 1858 Burton na Speke walifika Uvira kwa mtumbwi. Wana wa mtawala wa pale waliwaambia waziwazi kwamba mto unaingia. Mabaharia wao walikataa kuendelea mbele, nao wakarudi bila kuuona kwa macho. Mwaka 1864 Burton alikuwa angali akishikilia kwamba mto huenda unatoka! Watu waliokunywa maji ya mto ule tangu utotoni walikuwa wamekwisha kutoa jibu, lakini halikuhesabiwa kuwa elimu mpaka mgeni aje aone.

Wageni hao walikuja Novemba 1871, nao ni Livingstone na Stanley. Walikuwa wamekutana Ujiji kitambo kidogo tu kabla ya hapo, wakapanda mtumbwi kuelekea kaskazini. Msafara wa Stanley ulikuwa na Sidi Mubarak Bombay, yule yule aliyefuatana na Burton na Speke miaka kumi na mitatu nyuma, mtu wa asili ya Wayao aliyepata kuuzwa utumwani hata India. Tarehe 25 Novemba walifika Mugere, kilomita kama 12 kusini ya Bujumbura, wakalala siku mbili. Hapo pana jiwe kubwa lililochorwa majina ya Wazungu wale wawili na tarehe. Wengi wanaokwenda kupiga picha husema kwamba ndipo walipokutana mara ya kwanza. Sivyo, mahali pa kukutana ni Ujiji, Tanzania. Jina la Bombay halimo katika jiwe lile, wala la mpiga makasia yeyote.

Siku chache baadaye wakaingia kinywani mwa Rusizi, na maji yakawapinga uso kwa uso. Mto unaingia. Hoja ikaisha, na tumaini la Livingstone likapata pigo. Na hapa historia ina mzaha wake, kwani chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote iko Burundi hiihii, karibu na Rutovu, chini ya kilomita 100 kutoka jiwe la Mugere ukipima kwa mstari ulionyooka. Mjerumani Waldecker aliifuata mpaka huko, na mwaka 1938 piramidi ndogo ikajengwa juu ya kilima. Livingstone alikuwa akitazama maji, na jawabu lilikuwa nyuma yake mlimani.

Lakini kama Rusizi unaingia, na Malagarasi unaingia, na vijito vyote vinaingia, ziwa linatolea wapi? Mwaka 1874 Mwingereza Cameron aliuona mto Lukuga, upande wa magharibi, karibu na mahali ulipo mji wa Kalemie leo. Huo ndio mlango pekee wa kutokea, na maji yake huenda kwenye mto Kongo hata bahari ya Atlantiki. Mlango huo ni mwembamba. Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta umezibwa na tope na mafunjo. Miaka michache baadaye maji yakavunja kizibo, na ziwa likashuka sana. Fikiri juu ya beseni kubwa lenye mabomba mengi ya kujaza na tundu moja tu la kutolea. Mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo, beseni litapanda, na halitashuka upesi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1964. Ndivyo ilivyokuwa tena tangu mwaka 2020, na mwaka 2024 maji yalifika bandarini na kuziingia nyumba za ufukweni.

Katika mlango wa Rusizi ndipo ilipo hifadhi yetu, Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, iliyowekwa mwaka 1980. Mwaka 2002 iliandikwa katika orodha ya ardhi chepechepe zenye thamani kwa dunia nzima, kwa mapatano yaliyofanywa Ramsar, Uajemi, mwaka 1971. Ina sehemu mbili zisizofanana kabisa. Ya kwanza iko juu uwandani, upande wa Gihanga, nayo ni msitu wa mikoche. Mikoche ni jamaa ya minazi, lakini huzoea nchi kavu. Ndugu zake wa aina hii huonekana zaidi kusini mwa Afrika, na ni ajabu kuikuta imekusanyika hapa kwetu, milima ikiwa pande zote mbili. Majani yake hufaa kwa kusuka mikeka na vikapu, ndiyo maana wengi huitamani.

Sehemu ya pili ni mlango wa mto wenyewe. Hapa Rusizi hugawanyika mara mbili, Rusizi Kubwa ambayo ni mpaka wetu na Kongo, na Rusizi Ndogo iliyo upande wetu. Katikati kuna matete, mafunjo, vidimbwi na michanga. Ukienda na mtumbwi mapema asubuhi utaona ndege wengi hata usijue uanze wapi: mwari, korongo, mnandi waliotandaza mabawa kukausha manyoya. Baadhi yao ni wageni kutoka Ulaya waliokimbia baridi. Nzohe, yule mnyama wa jamii ya paa mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope, yumo pia, lakini mimi sikubahatika kumwona.

Viboko, ambao kwa Kirundi twawaita imvubu, sikuwakosa. Mchana hukaa majini, macho na masikio tu yakiwa juu, na jua likitua hupanda nchi kavu kula majani. Mmoja aweza kula kilo 40 kwa usiku. Watu wa mjini wanajua kwamba hawabaki hifadhini. Hufuata ufuko na kuja kulisha hata karibu na nyumba. Basi shikeni kanuni hii moja ya wavuvi: usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Akishtuka hukimbilia majini, na kama uko njiani hatakuzunguka. Nao mamba wapo. Mmoja wao, aliyepewa jina la Gustave, alipata sifa mbaya duniani pote, akakadiriwa kuwa na urefu uliopita mita sita, na filamu ikatengenezwa juu yake mwaka 2004. Ninashauri asiyependa kukutana na mamba wa mtoni awatazame katika makumbusho ya viumbe hai yaliyoanzishwa mjini mwaka 1977. Ni mahali padogo, saa moja yatosha.

Tuliporudi kutoka hifadhini palikuwa na mabishano makali kati yetu, na nisingekuwa mkweli kama ningeyaacha. Mwenzetu mmoja kwao ni Gatumba. Mwezi wa Aprili 2020 Rusizi ulifurika, na nyumba yao ikaingiwa na maji hata madirishani. Wamehama mara mbili tangu hapo. Alisema hivi: “Kiboko ana hifadhi yake, na sisi tuna hema. Wangetupa ile ardhi ya matete, tungelima mpunga.” Hakuna aliyecheka.

Nilifikiri siku nyingi juu ya maneno yake. Kwa upande wa jiografia nadhani amekosea, na sababu iko ndani ya ile chupa yetu ya tope. Mto unaoshuka kwa mbio unabeba udongo. Ukifika uwandani unapunguza mwendo, na lazima uutue mzigo mahali fulani. Matete na mafunjo ni mahali hapo. Huzuia tope, huyatandaza maji, na hulea samaki wadogo. Ukiyafyeka ukapanda mpunga, mwaka wa kwanza utavuna, na mwaka wa mafuriko maji yatatafuta mahali pengine pa kukaa, nako ni Gatumba tena, pengine na bandari pamoja. Lakini kwa upande wa haki hakukosea kama nilivyodhani kwanza. Jamaa zake hawakujenga bondeni kwa ukaidi. Walijenga hapo kwa sababu kiwanja kilikuwa rahisi na mji ulikuwa karibu. Kumwambia mtu ahame pasipo kumwonyesha pa kuhamia si kumweleza jiografia. Nilimwambia hayo yote mawili. Alikubali la pili.

Sasa limebaki jambo la reli, na hapa lazima tukubali kwamba York imetushinda. Rohero haina reli, wala Burundi nzima haijapata kusikia filimbi ya gari moshi. Si kwamba hapakuwa na nia. Wajerumani walianza reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, urefu wake kilomita 1,252. Mwaka huohuo wakaanza tawi jingine kutoka Tabora kuelekea Rwanda, lakini vita vikazuka na kazi ikaachwa. Upande wa pili wa ziwa Wabelgiji nao walifikisha reli yao Kalemie mwaka 1915. Kwa hiyo reli mbili zilitazamana ng'ambo na ng'ambo, na meli zikawa kiungo chake. Bujumbura tukawa watu wa kungoja meli. Mwaka 1921 Waingereza na Wabelgiji walipatana kwamba Wabelgiji wapewe sehemu zao bandarini Kigoma na Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila ushuru. Wazee wa Buyenzi wameniambia kwamba chumvi, vitambaa na baiskeli, vyote vilikuja kwa njia hiyo.

Meli iliyo maarufu kuliko zote ni Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hata Dar es Salaam, kisha kwa reli kuelekea Kigoma. Ikaunganishwa upya, na mwaka 1915 ikashushwa ziwani ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi walizipaka mashine grisi nzito ili zisiliwe na kutu. Akili iliyoje! Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, wakaikuta mashine nzima, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ilifika hata bandari yetu ya Bujumbura kwa miaka mingi. Imepata matengenezo mara kadhaa, na katika miaka ya karibuni imesimama ikingoja mengine. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo jumba letu la makumbusho ya reli, ingawa linaelea.

Kuhusu siku zijazo, Januari 2025 mkataba ulitiwa sahihi wa kujenga reli mpya kutoka Uvinza, Tanzania, hata Musongati, Burundi, palipo na madini ya nikeli. Urefu wake ni kama kilomita 282, na mpango ni kuendelea baadaye hata Gitega. Wanafunzi wapendao hesabu waangalie jambo moja: upana wa reli ya zamani kati ya chuma na chuma ni mita 1, na wa reli mpya ni milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Kwa hiyo reli mpya haitakuwa tawi la ile iendayo Kigoma. Itakuwa njia nyingine kabisa, na itaipita kando ile stesheni ya Wajerumani iliyo karibu na maji.

Apendaye kuiona stesheni hiyo hana haja ya kungoja. Ashike barabara ya kusini kando ya ziwa, apite Mugere akalitazame jiwe, apite Rumonge na Nyanza-Lac, avuke mpaka Mugina kuingia Manyovu, na kutoka hapo kuna magari ya kwenda Kigoma. Aondoke alfajiri, achukue karatasi zake za kusafiria, na akae dirisha la kulia wakati wa kwenda, maana ndiko ziwa liliko.